Fender Mustang ya mzee: shajara ya kuokoa nembo ya dhahabu

Siku ya kupokea

Kazi mpya imeingia karakana hapa Kirumba, Mwanza, na hii nitaiandika hatua kwa hatua, maana kuna watu kila siku wananiuliza zile stika za zamani kwenye vichwa vya magitaa zinaokolewaje, na mi nikianza kujibu kwa mdomo najikuta naongea mpaka chai inapoa. Gitaa ni Fender Mustang ya miaka ya 60. Lilikuwa juu ya kabati Sengerema toka bendi ya mzee ivunjike, mjukuu wake kaja nalo limefungwa khanga afu likatiwa kwenye mfuko wa salfeti. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, anapanda gari asubuhi na kabla ya saa nne yuko Mwanza, zamani angekaa kwenye foleni ya kivuko na gitaa mapajani.

Hali yake: shingo imenyooka, nimeshangaa. Funguo moja ya kukazia nyuzi imekufa, briji ina kutu, waya ndani zimeliwa na panya, boksi (mwili wa gitaa) limepigwa rangi ya gari ya kijani ambayo haikutoka kiwandani. Hayo yote ni kazi za kawaida kabisa, nazifanya nikiwa nasikiliza mpira. Tatizo liko kichwani, pale penye jina.

Neno Fender limeandikwa kwa dhahabu lenye mstari mwembamba mweusi pembeni, afu linafuata Mustang kwa herufi nyeusi, na chini kuna maandishi madogo ya namba za hataza (haki ya uvumbuzi). F iko nzima. Herufi ya pili na ya tatu zina nyufa ila zimeshika. D imepoteza tumbo lake lote. R ya mwisho ndo balaa, imeinuka vipande vipande kama magamba ya sato aliyeanza kuparuliwa, ukiliinamisha gitaa kwenye mwanga unaona kabisa kivuli chini ya kila kigamba. Ukipumua kwa nguvu, kimoja kinatikisika.

Mjukuu akaona vumbi, akalamba kidole apanguse. Nikamdaka mkono hewani. Akacheka, mi sikucheka. Nikamwambia dogo, hapo hata mate hapana, ntakueleza.

Kulitambua

Kabla sijagusa nataka kujua naongea na nani. Nimefungua shingo (skrubu nne nyuma) na kwenye kisigino kuna muhuri wa kiwandani, mwezi umefutika ila 66 inasomeka. Bamba la nyuma lina ile herufi F kubwa, hiyo ni alama ya baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua kampuni kwa mwanzilishi wake Leo Fender mwaka 1965, dola milioni 13 wakati huo. Volyumu ndani ina namba zinazoanza na 137 afu 66, maana yake imetengenezwa na kampuni ya CTS mwaka 1966. Vitu vitatu vinaimba wimbo mmoja, sina wasiwasi tena, hili ni la 1966 au limeunganishwa muda mfupi baada ya hapo.

Mustang ilitoka 1964 kwa ajili ya wanafunzi, ilikuwa ya bei nafuu ukilinganisha na magitaa mengine ya Fender kama Stratocaster au Jaguar. Ndo maana haishangazi kuikuta kwenye bendi ya wilayani, ilikuwa inanunulika.

Sasa kwa nini umri unanihusu kwenye stika? Kwa sababu ya namna walivyokuwa wanaibandika. Stika yenyewe ni ile ya kulowekwa: karatasi, juu yake gundi inayoyeyuka majini, juu ya gundi ndo wino na utando mwembamba wa laka (vanishi ya magitaa). Unaloweka, utando unateleza kutoka kwenye karatasi, unaulaza unapotaka, maji yakikauka gundi inashika. Miaka hiyo Fender walikuwa wanailaza juu ya laka ambayo imeshakauka na basi, hawapigi kitu juu yake. Yani hiyo nembo imekaa wazi toka 1966, imelindwa na heshima tu ya mwenye gitaa. Baadaye ndo wakaanza kuifunika. Na hata walipohamia poliesta (vanishi ya plastiki) kwenye maboksi mwaka 1968, uso wa kichwa waliendelea kuupiga laka ya zamani kwa sababu poliesta na stika hazikupatana.

Na ile gundi ya chini haibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu ya uzee. Ukiipa maji leo inalainika, miaka karibu 60 baadaye. Hapo ndo uelewe kwa nini nilimdaka yule dogo. Mate ni mabaya kuliko hata maji ya bomba, kwa sababu gundi hizi kwa kawaida zimetokana na wanga na mate yana kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja wanga, ndo kinachoanza kusaga ugali ukiwa bado mdomoni. Kuna mafundi wa picha za kuchora Ulaya wanasafishia mate na wana sababu zao nzuri, lakini wao hawasafishi stika ya kulowekwa.

Picha kwanza

Leo hamna kugusa, leo picha tu. Simu kwenye stendi, taa ya mezani nimeilaza chini kabisa pembeni ili mwanga uparaze uso wa kichwa, kila kilichoinuka kinatupa kivuli. Nimepiga kutoka kushoto, kulia, juu, chini, na rula ikiwa kwenye fremu ili vipimo vibaki. Baadaye nikaweka plastiki angavu juu (haigusi, imeegemea vibao viwili pembeni) nikachora ramani ya kila kipande kwa kalamu ya wino: kilichoshika, kilicholegea, kilichopotea.

Afu nikazima taa nikawasha tochi ya kukagulia noti, ile ya wakala wa miamala hapa jirani. Laka ya zamani chini ya mwanga huo inang'aa kijani cha kimanjano. Kichwa karibu chote kikang'aa hivyo, safi kabisa, isipokuwa tone moja refu juu ya herufi ya tano lililobaki giza. Nikaenda nyuma ya shingo, giza tupu. Maana yake kuna mtu alipiga shingo vanishi ya milango kwa nyuma, brashi ikamwagika mbele kidogo. Bila tochi nisingeona, kwa macho ya kawaida inaonekana ni uchafu wa jasho na ningeanza kuusugua.

Hilo tone linabaki. Kulitoa kunahitaji kitu kikali kuliko stika inavyoweza kuvumilia, na halimuumizi mtu.

Usafi

Hii sehemu nataka niikae kidogo kwa sababu ndo stika nyingi zinafia hapa, na zinafia mikononi mwa mtu mwenye nia njema.

Tina usiikaribie. Laka ya nitroselulosi inayeyuka kwenye tina leo, kesho na miaka mia ijayo, haifiki mahali ikasema sasa nimekomaa. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni hivyo hivyo. Spiriti inailainisha taratibu, inategemea, ila wino wa dhahabu hujui una nini. Petroli ya pampu ina viongezeo na inaacha masalia. Mafuta ya taa yanaacha utando wa mafuta ambao chochote utakachopiga baadaye hakishiki. Na ile dawa ya kung'arisha dashibodi, jamani, ile ina silikoni, ikishaingia kwenye nyufa za laka hata umpe fundi bora kuliko wote, rangi ikipigwa juu inakimbia inaacha vishimo vya duara. Kuna gitaa la kwaya moja liliwahi kuja kwangu linanukia mfuko mzima wa fundi wa magari, kila walichokuwa nacho walipaka.

Kinachobaki ni nafta, yani petroli iliyosafishwa ya kujazia viberiti vya utambi. Haina maji kwa hiyo gundi haiioni, na haiyeyushi laka. Inatoa mafuta ya vidole na moshi. Hata hiyo nimeijaribu kwanza kwenye herufi za mwisho za hataza zilizoingia chini ya kile kibati kinachobana nyuzi mbili, ili likiharibika lisionekane. Nikasubiri ikauke kabisa. Nikaangalia pamba: njano ya uchafu, hamna dhahabu, hamna nyeusi. Poa.

Namna ya kutumia ndo muhimu. Pamba ya masikioni, unaichovya, unaigusisha kwenye tishu ipungue, afu unaiviringisha juu ya herufi. Unaviringisha, hausugui. Mara moja tu kila pamba, unatupa unachukua nyingine. Kwenye vigamba vilivyoinuka sikupitisha pamba kabisa, nyuzi za pamba zinanasa ukingo na kung'oa, hapo nimetumia brashi laini ya kuchorea nikipiga vumbi kuelekea katikati ya kipande, sio kuelekea ukingoni. Madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Nafta inanuka na inawaka, kwa hiyo hamna sigara hamna jiko la mkaa karibu, na nikimaliza kipande kidogo natoka nje napunga hewa.

Dhahabu imerudi. Nilidhani imechakaa ikawa kahawia, kumbe ni moshi wa kumbi na jasho la mzee.

Mvua

Imepiga toka asubuhi, maji ya kutoka milimani yanashuka na mchanga mpaka mlangoni. Unyevu kama huu sigusi kitu. Nimefanya waya na kuchoma soldaringi tu, nimepata jeki mpya ya kuchomekea waya, pikapu (vinasa sauti) zote mbili zina uhai. Volyumu ya zamani nimeiacha, imesafishwa inazunguka.

Gundi ya bondo

Sasa vigamba. Vikibaki vimeinuka vitaondoka tu, swali ni lini. Vinahitaji gundi kwa chini, na gundi iwe na sifa hizi: iwe nyepesi iweze kujipenyeza yenyewe, isiwe na kitu cha kuyeyusha laka, ikauke bila kuvuta, na mtu akija miaka 40 ijayo na akili kuliko mimi aweze kuitoa. Supagluu inafeli karibu zote. Inachemka, inatoa ukungu mweupe pembeni, na haitoki tena. Gundi nyeupe ya mbao ni nzito na ikikauka inavuta.

Mafundi wa makumbusho huko nje kwenye rangi zinazobanduka wanatumia gundi ya kibofu cha hewa cha samaki. Kwao desturi ni samaki anaitwa stajoni, wa Urusi na bahari ya Kaspi. Nilivyosoma hivyo nilicheka peke yangu, maana nakaa mwendo wa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni na mabondo ya sangara, yani vibofu hivyo hivyo, yanapita hapa kila siku kuelekea China. Bondo la sangara lina kolajeni (protini inayotoa gundi) ile ile, na Waingereza kwa miaka mingi walisafishia bia zao kwa gundi ya mabondo ili isiwe na ukungu. Sangara mwenyewe ni mgeni ziwani, aliletwa miaka ya 1950 na 60, leo bondo lake kubwa kwa kilo linaacha mbali bei ya minofu.

Nimeenda kwa mama mmoja mfanyabiashara namfahamu.

"Shikamoo mama, naomba kipande kidogo tu cha bondo kavu, hata lililopasuka."

"Marahaba. La kula au la kuuza?"

"La kubandikia gitaa."

Akaniangalia muda. "Wewe kijana wewe. Chukua hilo dogo, na ukinidanganya ukaenda kuuza nitajua."

Utengenezaji: nimelikata vipande vidogo kwa mkasi, nimeloweka usiku kucha kwenye maji ya chupa, asubuhi nimekanda na vidole, nikamwaga maji, nikaweka mengine mpaka harufu ikapungua (haishi, inapungua). Afu kikombe ndani ya sufuria ya maji ya moto, bila kupita nyuzi 60 za sentigredi, kipimajoto ni cha jikoni. Ikichemka kolajeni inakatika inapoteza nguvu, kwa hiyo haraka haina msaada. Ikishayeyuka nachuja kwa kitambaa cha nailoni, naimiminia kwenye plastiki bapa ikauke kuwa karatasi ngumu inayoangaza. Hiyo karatasi inakaa muda mrefu, gundi ya maji kwa joto letu inaoza haraka sana. Siku ya kazi navunja kipande, nayeyusha nyembamba, karibu sehemu 2 kwa 100 za maji. Ukiigusa kwa vidole na kuviachanisha, inanata kidogo tu.

Najua unachotaka kuuliza. Ina maji, na nimetoka kusema maji ni adui. Ndio. Adui ni maji mengi yanayokaa. Tone dogo kuliko kichwa cha sindano likiingia chini ya kigamba linaamsha gundi ya zamani ya kiwandani papo hapo, inashirikiana na ya bondo, na linakauka kabla halijafika mbali. Nikiongeza spiriti kidogo kwenye maji yake linapenya haraka na kukauka haraka zaidi. Ila maneno matamu hayabandiki kitu, lazima kujaribu.

Majaribio kwa friza

Nilikuwa na karatasi za stika za kulowekwa nilizoagiza kipindi fulani. Nimechapisha steshenari maneno ya ajabu ajabu, nimebandika kwenye vipande vya mbao vilivyopigwa laka, afu nikavizeesha kwa nguvu: mchana vinakaa juu ya bati juani, jioni vinaingia kwenye friza la muuza samaki jirani, ndani ya mifuko miwili ili visinuke. Laka inapotoka baridi kwenda joto ghafla inapasuka, hiyo ndo inayotengeneza zile nyufa unazoziona kwenye magitaa yaliyosafirishwa sana. Zangu zilipasuka vizuri tu na stika zikapasuka nazo na kuinuka.

Hapo nikafanyia mazoezi. Gundi nzito inaacha ukingo unaometa. Tone kubwa linaelea na kigamba kinasafiri, kinahama mahali pake kikiwa juu ya maji, unabaki unakikimbiza na sindano. Tone dogo sana halifiki katikati. Katikati ya hizo mbili kuna kipimo ambacho mkono unajifunza, siwezi kukiandika. Spiriti nyingi ilififisha wino kwenye vipande vyangu, wino wangu ni wa printa ya leza na ule wa Fender sio huo, lakini nimechukua onyo, nimepunguza.

Kulaza vigamba

Asubuhi mapema, hewa imetulia, kabla bodaboda hazijaanza kupita na kutikisa meza. Kikuza macho kichwani, brashi ya nywele tatu nne hivi (nimeipunguza kwa wembe), gundi imekaa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu.

Naanza na kigamba kilichoshika zaidi, ili nisipate hofu. Ncha ya brashi inagusa ukingo, sio juu. Unaona gundi inavutwa yenyewe ndani, kivuli cha chini kinapotea kuanzia ukingoni kuingia katikati, rangi inabadilika inakuwa nzito kidogo. Unahesabu pumzi. Kigamba kikavu kinakatika ukikibonyeza, kwa hiyo unakiacha kilainike kwanza, chenyewe kinaanza kushuka. Hapo unaweka kipande cha karatasi ya kuokea keki juu, ile isiyonata, halafu kidole kwa uzito wa kidole tu. Baadaye kifuko cha mchanga wa ziwani uliochekechwa na kukaushwa, mdogo tu. Unaenda kwenye kingine mbali na hicho, usifanye viwili vinavyopakana siku moja, kwa sababu unyevu wa huyu unamlegeza jirani yake.

Herufi ya mwisho imechukua muda kuliko zote. Kigamba kimoja kilikuwa kimepinda kwa juu, kikawa hakilali, kila nikiondoa mchanga kinarudi. Hicho nilikipa mvuke: pamba yenye maji ya moto nimeishika juu yake bila kugusa, kikalegea polepole, ndo nikakipa gundi. Kimelala. Na nilipofungua kile kibati cha nyuzi kusafisha kutu, chini yake nikakuta kipande cha dhahabu kimenaswa kwenye uchafu wa nta, cha ukubwa wa punje ya mtama. Nilikilinganisha na ramani ya plastiki, ni sehemu ya tumbo la D. Kimerudi kwao. Tumbo lililobaki halipo, liliondoka na mtu zamani.

Wakati wa kufungua funguo za nyuzi nilifunika uso wote kwa katoni iliyokatwa umbo la kichwa, imeshikwa kwa uzi kupitia nyuma. Hamna selotepu hata ile ya karatasi ya mafundi rangi. Waya wa gitaa ukichomoka unaruka, na mchubuko mmoja unatosha.

Mzee amekuja mwenyewe

Leo kavuka kuja kuona. Fimbo, kofia, viatu vimepigwa rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lipo wapi jina langu?"

Nikamwonyesha. Akainama muda mrefu, akapapasa hewani juu ya herufi bila kugusa, amejua mwenyewe. Afu akasema alichokuja kusema: mjukuu kaona mtandaoni wanauza stika mpya za Fender, zinafanana kabisa, kwa nini tusikwangue hii tuweke hiyo, gitaa litoke kama siku alipolipokea.

Hapa mafundi tunatofautiana na mi nitasema upande wangu. Stika mpya ni shughuli ya dakika chache na mteja anaondoka na furaha. Lakini siku ukikwangua ile ya 1966, hamna tena kitu kwenye kile kichwa kinachoonyesha hakijachezewa, na mnunuzi yeyote mwenye tochi kama yangu ataona laka mpya chini ya jina na atajiuliza shingo yenyewe ni ya kweli au imeundwa. Bei inashuka kwa kung'arisha, watu hawaamini hilo. Na bei tuiache, ile D isiyo na tumbo ni yake, kuna mahali vidole vyake vilikuwa vinapita kila akikaza uzi wa tatu, stika mpya itafunika hilo.

Nikamwambia, "Mzee, nikiweka mpya litakuwa gitaa zuri. Hili litakuwa lako."

Kimya. "Na D yangu?"

"Itabaki na njaa."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi, wabeja (asante kwa Kisukuma), ila boksi je, lirudi jekundu? Nilikuwa nimeshakwangua kidogo ndani ya tundu la waya na kweli chini ya kijani kuna nyekundu ya kiwandani. Nikamuuliza nani alipiga kijani. Kumbe yeye mwenyewe, bendi ilikuwa na sare za kijani na kiongozi akaagiza vyombo vyote vifanane. Basi kijani inabaki, nimeisafisha tu. Mwenye kuitaka nyekundu siku moja ataikuta salama chini.

Kufunika au kuacha wazi

Kama lingekuwa linaenda kwenye kabati la kioo ningeliacha wazi, gundi ya bondo inatosha. Lakini linaenda kupigwa Jumapili kanisani na kwenye harusi, jasho, mvua za masika, mikono ya vijana. Kwa hiyo nimeamua kufunika stika tu, kwa shelaki (vanishi ya asili) isiyo na nta, nyembamba sana. Sababu: laka mpya ya nitro ikipigwa moja kwa moja tina yake inaweza kuikunja stika yote ikawa mikunjo, na hiyo ukishaiona umechelewa. Shelaki inayeyuka kwa spiriti, ambayo ni laini zaidi, na inakauka haraka kabla haijaleta fujo. Siku zijazo itatambulika kirahisi, chini ya tochi ya noti inang'aa rangi ya machungwa.

Jaribio tena pale pale kwenye zile namba zilizofichwa chini ya kibati. Wino haukusogea.

Nimesubiri siku kavu, saa za mchana, kabla upepo wa ziwani haujageuka. Hewa ikiwa na unyevu, spiriti ikiruka inapoza uso, maji ya hewani yanatua na kunaswa, unapata ukungu mweupe. Na usiku sipigi kabisa, vidudu vya ziwani vikiona taa vinakuja kufia kwenye vanishi. Nimetumia brashi ya hewa ya kuchorea keki, presha ndogo, kutoka mbali, iwe vumbi linalofika nusu limekauka. Nasubiri, naangalia kwa mwanga wa kuparaza, narudia. Nimesimama mara tu mng'ao wa stika ulipolingana na laka ya pembeni. Msasa haujagusa, kung'arisha hamna.

Limeondoka

Nyuzi zimewekwa, funguo iliyokufa nimepata ya kuokoteza inayofanana, ya asili nimeiweka kwenye kimfuko ndani ya kesi pamoja na ile ramani ya plastiki. Briji inasogea. Sauti imetoka kavu na fupi, ile ya Mustang.

Mjukuu kapewa masharti na nimemwandikia kwenye karatasi kabisa. Kitambaa kikavu tu, na kichwani hata hicho hapana, brashi ya vumbi inatosha. Zile tyuna (vipima sauti ya nyuzi) za kubana na klipu hamna, mpira wake na laka havipatani, ukiacha mwezi mzima unakuta alama imeyeyuka, na stendi zenye mpira ni hivyo hivyo, avike kitambaa cha pamba. Asiliache kwenye gari juani afu aingie nalo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Akibadili nyuzi aweke katoni, nimempa ile ile niliyokata.

Akauliza kama anaweza kupanguza boksi kwa maji. Boksi ndio, rangi ya gari haijali. Akauliza bei ya kuanza kujifunza hii kazi. Nimemwambia aje Jumatatu, kuna kinanda cha upepo cha kanisa kinashuka na meli kutoka Ukerewe, kifuniko chake kina jina la dhahabu na wamenitumia picha, kuna mtu keshalipitishia kitambaa kibichi upande wa kulia. Atashika tochi.